Nani Asimamie Pakiti za Githinji

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Anyango, huna aibu. Kutoka huko kwako Kayole hadi hapa Mbotela watu wanakuja kutafuta mboga na kurudi kabla maji hayajachemka. Wewe tangu Pasaka sijaona hata kivuli chako. Daftari hili nakuwekea nani? Ukija unalamba kidole, unafungua kurasa, unakunywa chai yangu huku unacheka shida zangu. Sasa shida zimejaa na msomaji hayupo. Na unajua naandika kwa jasho. Shule sikuiona hata kwa dirisha. Herufi nilizitoa kwenye maandishi ya mabelo, yale marobota ya mitumba, na kwenye kitabu cha nyimbo za kanisa. Ukikuta neno limebanana, lisome polepole.

Habari yenyewe ni hii. Binti yangu Maurine alikuja jana kutoka mtaa wa Fedha kumwona mwanawe Sally. Sally hakuwa nyumbani. Nikasema yuko kwa masomo. Maurine akanitazama vile anavyonitazama, akatoka. Akamkuta mtoto kwa kontena la Githinji.

Unalijua lile kontena la bluu kando ya ua? Zamani la kuweka simiti. Githinji ameweka televisheni mbili, benchi, na gemu ya mpira. Kucheza si neno. Hata mimi nimeketi pale nikashangilia. Shida ni pakiti. Ndani ya gemu kuna pakiti zilizofungwa. Unamlipa Githinji, pakiti inapasuka kwa mataa na kishindo, anatoka mchezaji. Ukiwa na bahati ni mtu wa maana. Ukikosa ni kipa wa akiba ambaye hata mama yake hajui anachezea timu gani. Basi unalipa tena. Sally alikuwa analipa kwa nauli yake ya shule, halafu anatembea. Mimi nikadhani viatu vinaisha kwa sababu ni vya Kichina.

Maurine hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema atarudi Jumapili, na akikuta pakiti bado zinafunguliwa hapa mtaani, anamchukua Sally kwenda Fedha moja kwa moja.

Ni mtoto wake, najua. Lakini nimemlea mimi tangu meno ya mbele hayajaota. Alipoenda safari ya shule Nakuru, nyumba ilinyamaza hadi nikamwomba jirani aongeze redio.

Kumkataza? Nilijaribu asubuhi. Akaniambia, kukhu, bibi yangu, huwezi kunigombeza ukiwa unanipakia mkate siagi. Ni kweli nilikuwa nampakia siagi.

Kwa hivyo mtoto simwambii kitu. Nitamfunga Githinji. Kesho naenda town kwa serikali.

Jumanne, 16 Septemba

Nimerudi. Miguu imevimba kama maandazi.

Kwanza nilienda kwa ofisi inayosimamia kamari. Kijana mpole, tai nyembamba. Akauliza kama mtoto akishinda anapewa pesa. Nikasema hapana, anapewa mchezaji. Akauliza kama huyo mchezaji anaweza kuuzwa. Nikasema mwingine hata bure humtaki. Akafurahi. Akasema basi hiyo si kamari, ni mchezo wa watoto, na kwa kuwa ina picha zinazotembea, niende kwa watu wa filamu.

Watu wa filamu waliuliza kama kuna damu. Hakuna. Kama kuna mtu uchi. Nikasema wote wamevaa kaptula. Wakasema kwao basi hakuna kosa. Lakini pakiti zinakuja kwa mtandao, niende kwa watu wa mawasiliano.

Watu wa mawasiliano walisema wao wanasimamia kitu kikiwa njiani. Kikishafika ndani ya televisheni kimeshatoka mikononi mwao, sasa ni bidhaa, niende kwa wanaolinda wanunuzi. Orofa ya saba. Lifti imekufa. Nikapanda. Kule juu mama mmoja wa miwani alinipa maji, Mungu ambariki, kisha akaomba risiti. Nikamuuliza mtoto anapewa risiti na nani, na kontena la Githinji halina hata mlango wa kufunga vizuri. Akasikitika kabisa. Akasema bila risiti hakuna mnunuzi, na bila mnunuzi hakuna wa kulindwa. Akanishauri nianze na ofisi ya kamari.

Wote walikuwa na adabu, Anyango. Hilo ndilo lililonichosha. Pakiti ya Githinji ni kama mtoto aliyeachwa kwa mlango: kila mtu anamfunua uso, anasema ni mzuri, lakini si wangu.

Nikiwa kwa ngazi wazo likanijia. Serikali ikikosa mwenye kushika jambo hili, Mbotela haitakosa. Tutaunda mamlaka yetu. Na mkuu wake najua ni nani. Ana miguu iliyovimba.

Jumatano, 17 Septemba

Hakuna anayetaka.

Nilianza na Jecinta, mwenyekiti wa welfare ya mtaa. Unamjua alivyo, anakusikiliza huku anahesabu sufuria zako. Akasema welfare inashughulika na misiba na takataka. Nikamuuliza pakiti si takataka? Akasema takataka ni kitu kinachonuka.

Nikaenda kwa Mzee Laban wa Nyumba Kumi, anayelinda usalama wa mtaa. Yeye anashughulika na wezi na wageni wasiojulikana. Nikamwambia hao wachezaji wanaotoka kwa pakiti ni wageni. Akawaza sana, unajua hana haraka. Mwisho akasema kila mmoja ametoka na jina lake mgongoni, kwa hivyo anajulikana.

Kina mama wa kanisa, ambao mimi mwenyewe ni mmoja wao, walisema wataombea.

Nikaketi nikafikiri. Watu hawapendi kazi, Anyango. Watu wanapenda koti. Kwenye mitumba yangu lilibaki koti moja la kung'aa, la njano, kama wanayovaa watu wa bodaboda. Nikalianika kwenye kamba mbele ya mlango. Kila aliyeuliza nikamnong'oneza kwamba hilo ni la mkaguzi wa gemu, atakapochaguliwa, na kwamba mwenye kulivaa ataingia popote bila kubisha.

Kabla ya jioni Jecinta amekuja kuniambia kwamba ukifikiria vizuri, gemu zilikuwa za welfare tangu mwanzo. Mzee Laban naye amekumbuka mchezaji mmoja ambaye jina lake halisomeki. Kina mama wa kanisa wameacha kuomba, wanauliza saizi.

Mimi nina akili. Acha tu.

Ijumaa, 19 Septemba

Mkutano ulifanyika jana uani kwa Jecinta. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira ya kuvunja kalamu.

Ulianza vizuri. Nilisimama nikasema lazima kwanza tujue kamari ni nini, maana town nzima hakuna aliyejua. Nikawapa sheria niliyoitunga mwenyewe nikiwa naosha vyombo: kulipia kitu kilichofungwa bila kujua ndani kuna nini, hiyo ni kamari. Ni marufuku Mbotela. Kinakamatwa.

Makofi! Mzee Laban aliniomba nirudie, nikarudia kwa sauti nzito zaidi.

Githinji aliketi nyuma anatafuna njugu. Kijana hana matusi, hilo nampa. Akainua mkono akaniuliza kwa upole kama bibi yake, "Shosho, na kama kitu kimefungwa lakini si gemu?"

Nikaona anataka kujitoa. Nikamjibu kwamba sheria haichagui uso. Kilichofungwa ni kilichofungwa.

Jecinta akatabasamu. Anyango, tangu lini Jecinta akatabasamu mimi nikiongea? Akasema anaunga mkono kila neno, na anaomba lisipunguzwe hata moja. Hapo ningepaswa kujua. Sikujua. Nilidhani hatimaye amenitambua.

Ikabaki nani avae koti. Welfare wakasema wao. Nyumba Kumi wakasema wao. Kina mama wa kanisa wakasema mimi, yaani mimi niliwaambia waseme. Kelele mpaka mbuzi wa jirani akajibu. Mzee Laban akaamua twende kwa haki kama tunavyofanya kwenye chama chetu cha akiba: vikaratasi vitatu, vikunjwe, viwekwe kwenye kikombe, mtoto achague. Sally akaitwa. Sally akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akaanza kucheka hadi akakaa chini. Akauliza kama kweli tunamchagua mkuu wa kuzuia kamari hivi. Nikamwambia achague, aache maswali ya shule.

Akachagua. Jecinta.

Koti langu! Limemkaa pia, ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo ilikuwa siku ya kufungua belo.

Unakumbuka siku zile tulipokuwa tunauza pamoja. Wanawake wanakuja mapema, wanaketi kuzunguka belo kama kwenye matanga, kila mmoja amekaza leso, hakuna anayekunywa chai asije akawa ameshika kikombe wakati nyaya zinakatwa. Maana wa kwanza kuingiza mkono ndiye anayetoa kamera, nguo zile safi kama zimetoka dukani, na wa mwisho anabaki na fagia, zile mbovu za kutupa. Hili nilinunua sokoni Muthurwa. Nguo za watoto, daraja la kwanza, ndivyo lilivyoandikwa ubavuni. Nililigonga, likajibu vizuri. Nililinusa. Sally naye aliweka sikio akasema, kukhu, hili lina sweta.

Nimeshika koleo, niko karibu kukata. Jecinta akaingia bila kubisha. Njano tupu. Nyuma yake Mzee Laban na rungu, uso umejaa aibu. Jecinta akauliza kama nimelilipia. Nikasema ndiyo. Kama limefungwa. Nikasema ana macho. Kama najua ndani kuna nini.

Nikaigeuzageuza koleo.

Basi akapanda juu ya belo langu, akaketi. Akasema limekamatwa kwa sheria ya Mbotela, neno kwa neno kama nilivyolitamka.

Nikamwambia ile ni sheria ya Githinji, hii ni kazi. Hili belo limenilishia watoto, limesomesha Maurine hadi ofisini. Jecinta akasema hata Githinji anakula kwa pakiti zake. Nikamuuliza mbona kwa Githinji hajaenda. Akasema ataenda akishuka, na hashuki.

Alikaa pale hadi mchana, Anyango. Alikunywa chai yangu akiwa juu ya belo langu. Na kule kontenani watoto wanafungua pakiti kwa raha zao, kwa sababu mkaguzi wa Mbotela nzima amenikalia mimi. Maurine anakuja kesho.

Sally ndiye aliyesema lililobaki. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechuchumaa karibu nami, akanishika mkono.

"Kukhu, lakini hii ni pakiti. Ni pakiti tu, ni kubwa."

Nilimwambia aende akaangalie maharagwe.

Mwishowe wanawake walichoka. Wakamwambia Jecinta kama ni sheria, basi niruhusiwe kusema kilichomo, na likifunguliwa ikawa kweli, niachiliwe. Jecinta akakubali. Nikasema kwa sauti mbele ya wote: nguo za watoto, sweta na suruali, kamera tupu. Nikakata nyaya. Belo likapumua likafura. Tukaingiza mikono yote kwa pamoja.

Nguo za mpira. Nyeusi. Zile ambazo wazungu wanavaa wakiingia baharini kwenye maji baridi, zimekubana kutoka shingoni hadi vifundoni. Belo zima. Za watoto ni kweli, hapo hawakudanganya.

Mzee Laban aligeukia ukutani. Mabega yanamcheka. Jecinta alicheka hadi koti likafunguka. Hata mimi nilitaka kucheka, lakini nilikuwa mshtakiwa.

Jumapili, 21 Septemba

Wanawake wa mitumba hawakulala vizuri. Kila mmoja ana belo chini ya kitanda, na kila mmoja amejua sasa kwamba ni mhalifu. Baada ya ibada wakaita mkutano wa haraka uani kwa Jecinta.

Tukaanza kupunguza sheria. Belo likatolewa, kwa sababu ni kazi. Kikombe cha kura za chama kikatolewa, kwa sababu ni umoja. Mnada wa mavuno kanisani, ambapo Jecinta mwenyewe alinunua gunia lililofungwa akakuta maboga mabovu, ukatolewa, kwa sababu ni wa Mungu. Mtu akauliza kuhusu mayai. Yakatolewa. Jecinta ni nani hata apasue mayai ya watu.

Halafu kila mmoja akataka kujua mipaka yake, wasije wakakaliana tena. Wakagawana. Welfare ikachukua yaliyo ndani ya nyumba. Nyumba Kumi wakachukua yaliyo njiani. Kina mama wa kanisa wakachukua yaliyo moyoni. Wote wakaridhika. Maombi ya kufunga.

Githinji akainua mkono. Akauliza kontena lake limeangukia wapi. Jecinta akasema kontena si nyumba, halina msingi. Mzee Laban akasema si njia, huwezi kulipita. Wakanitazama mimi wa mioyo. Kontena halina moyo. Basi Mzee Laban akasema muda umekwenda, watu wana njaa, na pakiti zitangojea kikao kingine.

Ndipo nikamwona Maurine. Amesimama langoni na viatu vyake vya ofisi, sijui tangu saa ngapi. Amesikia yote.

Nilimtangulia nyumbani nikaanza kumwaga maneno. Ofisi nilizozunguka. Orofa ya saba. Koti. Akaniacha nimalize. Nguo za mpira zilikuwa zimejaa kochi, akachukua moja, akaivuta ikarudi kwa kishindo. Nikaona mdomo unamcheza. Akasema alipokuwa mdogo alikuwa analala na sikio kwenye belo, anakisia rangi. Akipata sawa nilikuwa nampa sukari. Sikumbuki sukari hiyo. Yawezekana.

Kisha akasema, "Mama, Githinji hakumfundisha huyu mtoto. Alimkuta ameshaiva."

Niliangalia mikono yangu.

Sally alikuwa ameanza kukunja nguo zake kimyakimya kwenye mfuko wa shule. Alikunja ile sketi ya kijani niliyompatia, kamera ya mwaka juzi. Hapo nikasema, kwa sauti ndogo ambayo sijui nilikuwa nayo, kwamba anaweza kunidai chochote Maurine, ila mtoto huyu.

Maurine akakaa. Akatoa masharti. Sally anabaki Mbotela. Lakini Sally hakanyagi tena kontena la Githinji, na mimi sinunui tena belo lililofungwa. Nichague nguo moja moja, nikiziona. Mmoja wetu akivunja, Sally anaenda Fedha siku hiyo hiyo, hakuna kikao.

Sally aliapa kabla mama yake hajamaliza. Mimi nilitaka kuinua mkono wa kuume ukawa mzito, nikausaidia kwa wa kushoto. Lakini niliapa. Kwa jina la Bwana, na kwa jina la marehemu babake Maurine, na Sally akanirukia shingoni, akaanza kuzitoa nguo kwenye mfuko.

Chapati tulikula hadi tukashindwa kusimama.

Jumatano, 24 Septemba

Sally ameshika kiapo. Mtoto wa ajabu! Anatoka shuleni anazunguka na njia ya nyuma ili asipite hata karibu na kontena. Analala vizuri. Anazungumza usingizini, mambo ya hesabu sasa, si wachezaji. Nyumba imejaa.

Nguo za mpira zimekwisha. Vijana wa kuosha magari barabara ya Jogoo wamezigombania, wanasema maji hayapenyi. Vijana wembamba wote wa Mbotela sasa wanaonekana kama samaki. Kwa hivyo lile belo halikuwa baya. Watu walicheka mapema.

Leo nilienda Muthurwa kutafuta vitunguu. Vitunguu tu. Lakini njia ya vitunguu inapita kwa mabelo, si mimi niliyeipanga. Kulikuwa na moja limepasuka kwa pembe, kidogo, kama kidole changu. Nikaingiza kidole. Anyango, lesi. Lesi laini kama ya harusi, na kifungo cha lulu.

Nikakaa nikafikiri kama mtu mzima. Nimeapa juu ya belo lililofungwa. Lililopasuka halijafungwa. Sheria haichagui uso, nilisema mwenyewe. Na ndani nimeshaona, nimeona kwa kidole.

Limekuja na mkokoteni.

Sasa pa kuliweka. Nyumbani ni kwa welfare, na Jecinta bado ana koti langu, na atamwambia Maurine. Likikaa nje ni njiani, Mzee Laban atalikuta. Nikatembea nikitafuta mahali ambapo hapana mwenyewe, si wa nyumba, si wa njia, si wa moyo. Liko moja tu Mbotela nzima.

Githinji hakuuliza mengi. Alisogeza benchi, tukalisukuma nyuma ya televisheni. Tumeelewana kwamba mimi simwoni na yeye hanioni. Aliniambia nisiwe na wasiwasi na Sally. Nikamwambia wasiwasi wa nini. Sally hawezi kunikuta huko. Ameapa hakanyagi, na mtoto niliyemlea mimi akiapa ameapa.

Basi Anyango, kukaa huko kumetosha; daftari hili nakutumia kesho kwa mkono wa mwenye mkokoteni. Njoo Jumamosi asubuhi, kabla watoto wa gemu hawajaamka. Usipite kwangu, pita moja kwa moja kwa kontena ugonge mara moja tu. Beba koleo ya kukata nyaya, yangu Maurine ameondoka nayo. Na ukikutana na Sally njiani, mkumbatie, mpe peremende, mwambie kukhu yuko kanisani.